Baridi isikunyime mboga: zioke badala ya kuzichemsha

Kuanzia Juni hadi Agosti, baridi ya Njombe, Mbeya na Lushoto hubadilisha hata sahani zetu. Ugali unaongezeka, chipsi zinapendwa zaidi, na mboga zinabaki kijiko kimoja pembeni. Wakati huohuo, baridi hubana mishipa ya damu, hivyo presha ya watu wengi hupanda kidogo. Kama wewe au mzazi wako ana presha, huu si msimu wa kupunguza mboga.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri mtu mzima ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku. Viazi, mihogo na magimbi havimo katika hesabu hiyo, kwa kuwa ni vyakula vya wanga. Chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kimoja cha chai, ikiwa ni pamoja na ile iliyomo kwenye mkate na viungo vya paketi.

Kwa nini kuoka? Unapochemsha mboga na kumwaga maji, sehemu ya vitamini C na potasiamu inaondoka nayo. Potasiamu ni madini yanayosaidia kushusha presha. Mboga ya kuoka haina maji ya kumwaga. Pia utamu wake wa asili hukolea, ndiyo maana haihitaji chumvi nyingi. Mafuta kidogo nayo yana kazi: husaidia mwili kufyonza karotini ya karoti na boga, ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A.

Kwa watu wanne, chukua karoti nne, kipande cha boga, bitiruti mbili, pilipili hoho na kitunguu kikubwa. Osha, kausha, kisha kata vipande vinavyolingana. Bitiruti ziwe ndogo zaidi kwa sababu huchelewa kuiva. Changanya na vijiko viwili vya chakula vya mafuta ya alizeti, kitunguu saumu, tangawizi, pilipili manga na robo kijiko cha chai cha chumvi. Tandaza bila kurundika, maana zikirundikana zitaiva kwa mvuke na kulainika tu. Oka kwa nyuzi joto 200 kwa dakika 30 hadi 40, ukigeuza mara moja.

Huna oveni? Tumia sufuria nzito yenye mfuniko bapa, makaa machache chini na mengine juu, kama unavyooka keki. Zikishaiva, kamulia limau. Ukizila na maharage, vitamini C ya limau husaidia mwili kufyonza madini chuma ya maharage hayo.

Zitoe zikiwa na rangi ya kahawia, si nyeusi. Sehemu iliyoungua iondoe.

Wapo wanaohitaji tahadhari. Mwenye ugonjwa sugu wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu asifuate ushauri huu. Kwake ni bora kuchemsha mboga katika maji mengi na kuyamwaga, kisha azungumze na daktari wake kuhusu kiasi cha kula. Mwenye kisukari akumbuke kwamba kiazi kitamu cha kuoka hupandisha sukari haraka kuliko cha kuchemsha. Akila kiazi, apunguze ugali au wali. Na ukiona mkojo au choo chekundu baada ya kula bitiruti, usishtuke. Rangi hiyo kwa kawaida huisha ndani ya siku moja au mbili. Ikiendelea, au kama hukula bitiruti, nenda kituo cha afya.

La mwisho ni la kuokoa maisha. Ukimaliza kupika, usiingize jiko la mkaa chumbani ili kuota moto. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, na inaweza kuua familia nzima ikiwa usingizini. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu na kichefuchefu. Ukizihisi, toka nje mara moja, watoe na wengine, kisha wahini hospitali.

Leo jioni, jaza nusu ya sahani yako kwa mboga, robo maharage au samaki, na robo ugali. Jikoni fungua dirisha, chumbani jifunike blanketi.