Udongo Uleule, Adui na Mlinzi

Sisi tunaolima vibustani hapa Brussels, na tulio na mashamba nyumbani, yatupasa kuutambua uvimbe unaoota pale shina la mti wa matunda linapoingia ardhini. Chanzo chake ni bakteria wa udongoni aitwaye Agrobacterium tumefaciens, apenyaye katika jeraha la jembe au kisu. Mwaka 1974, katika mji jirani wa Ghent, kundi la Jeff Schell na Marc Van Montagu liligundua silaha yake: plasmidi, yaani duara dogo la vinasaba. Baadaye ilidhihirika kwamba kipande cha plasmidi hiyo huingia katika chembe za mti na kuzilazimisha zizaane ovyo.

Huko Australia, Allen Kerr alimpata mlinzi katika udongo uo huo: bakteria wa jamii ileile, K84, asiyedhuru mti, tena hutoa sumu inayomwua mharibifu. Tangu mwaka 1973 wakulima wa huko walianza kuchovya mbegu na mizizi ya mipichi na milozi katika maji yenye K84 kabla ya kupanda.

Hata hivyo, K84 hukinga, haponyi. Na wako waharibifu wasiodhurika kwa sumu yake. Basi tununuapo miche, tuikague mizizi, na wenye vinundu tuuache. Wala tusiifiche miche masandukuni tusafiripo: udongo kidogo ulioganda mizizini watosha kuliambukiza shamba la wazee wetu.