Mwewe wa Mtaani Kwetu

Wengi hudhani ndege wa kutazamwa wako Mbuga ya Wanyama ya Nairobi tu. La hasha! Mimi huwaona kila asubuhi nikitoka Kibera kwenda shuleni Kawangware. Nimpendaye zaidi ni mwewe. Utamtambua kwa mkia wake uliogawanyika mwishoni. Huupinda huku na huku kama usukani, ndiyo maana anapita kati ya nyaya za stima bila kuzigusa. Kunguru wetu mwenye kifua cheupe hawezi mchezo huo, ingawa kwa kumfukuza mwewe, weee, ni hodari!

Si vifaranga tu anavyokula. Hula panya, mizoga na matumbo yanayotupwa na wauza nyama. Kiota hukijenga kwa vijiti, ndani akatandika matambara na makaratasi. Kimoja kiko juu ya mkalitusi nyuma ya ploti yetu. Mwezi jana mwewe huyo alinyakua vifaranga wawili wa mama, naye mama akaapa kumwambia mwenye nyumba aukate mti. Nimemsihi angoje makinda waruke kwanza. Kwa sasa vifaranga waliobaki hushinda chini ya tenga, na Jumamosi mlinzi ni mimi.