Je, Wajua? Seli T hutambua saratani kwa kipande kidogo cha protini

Je, wajua kwamba seli T, askari wa kinga ya mwili, haioni uvimbe mzima? Hukagua vipande vya protini, aghalabu vya asidi amino 8 hadi 10, vilivyobebwa juu ya seli na molekuli za HLA. Katika saratani ya mlango wa kizazi, virusi vya HPV-16 hulazimisha seli kutengeneza protini E6 na E7. Seli huzikatakata, kisha HLA huvitoa vipande nje. Hapo kipokezi cha seli T hushusha vitanzi vyake sita: baadhi hugusa kingo za HLA, viwili vya katikati hugusa hasa kipande chenyewe. Mshiko hudumu sekunde chache tu, lakini asidi amino moja ya kipande ikibadilika huenda seli T ikapita bila habari. Saratani nayo ina ujanja: huzipunguza HLA zake.

Chanjo ya HPV hutumia njia tofauti, kingamwili zinazozuia virusi kabla havijaingia kwenye seli. Rwanda iliianza kitaifa mwaka 2011, ya kwanza Afrika. Mzazi uliye Rwanda, binti akifikisha miaka 12, ulizia chanjo hiyo shuleni au kituo cha afya.