Pancha Katika Nchi ya Majani Chai

Msafiri atokaye Nakuru kwenda Kisumu, akiisha kupita Mau Summit na Njia Panda ya Londiani, huona nchi ikibadilika mbele ya macho yake. Mashamba ya viazi na mahindi huanza kupungua, na mahali pake huonekana vilima vilivyofunikwa kwa majani chai, yaliyokatwa sawasawa kama zulia lililotandikwa na fundi. Hii ndiyo nchi ya Kericho, na ukiendelea kusini kwa njia ya Litein na Kapkatet hata Kaplong, kisha ukageuka mashariki, utaingia nchi ya Bomet. Mji wa Kericho uko yapata meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, na mvua hunyesha huko karibu miezi yote ya mwaka, aghalabu wakati wa alasiri. Mara nyingine huja pamoja na mvua ya mawe.

Mvua hiyo ndiyo baraka ya mkulima wa chai, lakini kwa mwenye gari ina masharti yake. Barabara ya lami huteleza, njia za mashambani huwa tope jekundu, na ukungu hushuka ghafula hata dereva asione hatua ishirini mbele yake. Katika hali kama hiyo, jambo dogo kama pancha laweza kuwa jambo kubwa. Basi yafaa tulifikirie jambo hili kwa makini, maana hakuna mwenye gari, awe tajiri au maskini, ambaye hatapatwa nalo siku moja.

UGONJWA WA TANGU ZAMANI

Watu wengi hudhani kwamba pancha ni dalili ya barabara mbaya tu. Sivyo. Pancha ilizaliwa siku ile ile ulipozaliwa mpira wa upepo. Mskoti mmoja, Robert William Thomson, aliandikisha haki ya mpira wa namna hiyo mwaka 1845, lakini watu wakausahau. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, daktari wa wanyama aliyekaa Belfast, akautengeneza tena kwa ajili ya baiskeli ya magurudumu matatu ya mwanawe. Mwaka 1895 ndugu wawili Wafaransa, André na Édouard Michelin, waliingiza motokaa yenye mipira ya upepo katika mashindano ya kutoka Paris hata Bordeaux na kurudi. Walipata pancha mara nyingi mno, na muda mwingi wa safari ulipita katika kuziba matundu. Hata hivyo ulimwengu haukuirudia mipira migumu, kwa kuwa raha ya kupanda juu ya upepo ilishinda taabu ya kuziba.

Kwa hiyo dereva asione haya akipata pancha, wala asiikasirikie nchi. Jambo la kumpima ni namna atakavyofanya baadaye.

MAHALI PA KUSIMAMA

Jambo la kwanza ni kusimama mahali pema. Dereva akisikia usukani ukivuta upande mmoja au gari likitikisika, asikanyage breki kwa nguvu. Aushike usukani kwa mikono miwili, aondoe mguu katika mafuta, aliache gari lipunguze mwendo lenyewe, kisha alitoe barabarani kabisa. Afadhali mpira uliopasuka uharibike zaidi kwa kuviringika meta mia kufikia mahali pa wazi kuliko kusimama penye kona au chini ya mteremko. Mpira hununuliwa dukani, lakini uhai hauuzwi.

Watu wa nchi hii hawahitaji kukumbushwa habari hiyo mara mbili. Jioni ya tarehe 30 Juni 2023, katika Njia Panda ya Londiani, lori kubwa liliacha njia likaingia katika magari yaliyosimama na katika watu waliokuwa wakiuza bidhaa na kungoja safari kando ya barabara. Watu zaidi ya 50 walikufa. Wengi wao hawakuwa ndani ya lori lile, bali walikuwa wamesimama tu. Kando ya barabara kuu si mahali pa usalama kama tunavyodhani, hasa mahali penye mteremko ambapo magari mazito hushuka kutoka juu.

Basi abiria wote na washuke, wakae mbali na barabara, upande wa juu wa ukingo ikiwezekana, wala wasikae nyuma ya gari. Taa za kumeta ziwashwe. Zile pembetatu nyekundu ambazo kila gari lapaswa kuwa nazo ziwekwe mbele na nyuma, mbali kiasi cha hatua hamsini au zaidi, na mbali zaidi ikiwa kuna kona au ukungu. Desturi ya kukata matawi na kuyatandika barabarani ni ya zamani, na mtu asiye na kitu kingine atakuwa amefanya vema kuitumia. Lakini matawi hayang'ai usiku, na ubaya wake mkubwa ni kwamba wengi huyaacha hapo hapo waondokapo. Mawe yaliyozuia magurudumu ya lori huachwa vivyo hivyo, na mtu wa pikipiki ajaye baadaye gizani huyagonga akaanguka. Anayeondoka bila kuondoa mawe yake amejisaidia yeye na kumtegea mwenzake mtego.

KAZI YA KUBADILI GURUDUMU

Kubadili gurudumu si kazi ngumu, lakini ina utaratibu. Kwanza gari litiwe breki ya mkono na gia, na jiwe au kabari iwekwe chini ya gurudumu la upande ulio mkabala na lile lililoharibika. Nati zilegezwe kidogo kabla gari halijainuliwa, maana gurudumu likiwa hewani huzunguka, na mtu anayevuta spana kwa nguvu aweza kuliangusha gari kutoka juu ya jeki. Katika udongo wa Kericho uliolowa, jeki huzama badala ya kuinua. Hapo ndipo kipande cha ubao huwa na thamani kuliko fedha. Miti ya mikaratusi ni mingi katika nchi hii, kwa kuwa kuni zake hutumika kukausha chai viwandani, na dereva mwenye busara hubeba kipande kipana cha mbao daima.

Mtu yeyote asiingize mkono au kichwa chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake. Gurudumu la akiba likiisha kutiwa, nati zikazwe kwa kupishana, moja ya upande huu na ya pili ya upande wa pili, ili gurudumu likae sawa. Gari likishushwa, zikazwe tena, na baada ya mwendo wa kilometa hamsini hivi zitazamwe kwa mara nyingine.

Gurudumu la upande wa kulia lataka uangalifu zaidi, kwa sababu katika Kenya twaendesha upande wa kushoto, na anayelibadili huinama mgongo wake ukielekea magari yanayopita. Kama nafasi haitoshi, ni heri kulisogeza gari polepole mpaka pawe na nafasi.

FUNDI WA PANCHA

Mjini Kericho na katika masoko yaliyo kando ya njia, kama Kapsoit, Chemosit, Litein, Kapkatet na Kaplong, mafundi wa pancha hawakosi. Alama yao hujulikana: tairi kuukuu lililosimamishwa kando ya barabara, na mtungi wa mashine ya upepo unaonguruma. Wako pia wenye gari waliojiandikisha katika chama cha magari, ambacho katika Kenya kina asili yake tangu mwaka 1919, na hao huweza kupiga simu wakaletewa msaada. Lakini walio wengi hutegemea jirani, mtu wa bodaboda na fundi aliye karibu. Siku hizi mtu wa bodaboda hulichukua tairi mpaka kwa fundi, hurudi nalo limezibwa, na malipo hupelekwa kwa simu. Jambo hilo halikuwezekana kwa wananchi wengi kabla ya M-Pesa kuanza mwaka 2007.

Fundi mwema hutambulika kwa kazi yake. Hulichunguza tairi lote kabla ya kuziba, hulipaka maji ya sabuni ili mapovu yaonyeshe tundu, na huutafuta msumari kwa ndani asije akaziba tundu moja na kuacha la pili. Tundu lililo katika uso wa tairi, pale panapokanyaga ardhi, huzibika. Tundu au mpasuko wa ubavuni haufai kuzibwa, maana ubavu hujikunja kila gurudumu lizungukapo, na kiraka hakitadumu. Fundi akikuambia kwamba tairi hilo limekwisha, usidhani kwamba akutafutia hasara. Pengine ndiye aliyekuokoa.

Magurudumu ya malori makubwa yenye pete ya chuma yana hatari ya peke yake. Pete hiyo isipokaa vema wakati wa kutia upepo, huruka kwa nguvu na kuweza kuua. Fundi apaswa kutia upepo gurudumu likiwa ndani ya kizimba cha chuma, na watazamaji, hasa watoto, wakae mbali.

Msafiri naye ana adabu zake. Na aulize bei kabla ya kazi kuanza, wala si baadaye, ili pasiwe na ugomvi. Asimdharau fundi kwa kuwa nguo zake zina mafuta. Katika nchi ya Wakipsigis, anayeanza kwa "Chamgei" na kumaliza kwa "Kongoi" hupata msaada upesi kuliko anayepiga honi na kuamrisha.

LORI LA MAJANI

Pancha ya motokaa humchelewesha mwenyewe na jamaa zake. Pancha ya lori la majani chai hugusa watu mamia. Mkulima mdogo wa Mogogosiek, Kapkoros au Litein huchuma tangu asubuhi majani mawili na chipukizi lake, huyapeleka kwenye kituo cha kununulia, hupimiwa kwa kilo, na huliona lori likiondoka. Jani lililochumwa bado li hai. Likishindiliwa na kukaa muda mrefu hupata joto, hugeuka wekundu, na chai yake hupungua thamani. Ndiyo sababu majani hutakiwa kufika kiwandani siku ile ile.

Basi lori likikwama njiani jua likitua, upungufu huanzia hapo. Chai mbaya hupata bei ndogo katika mnada wa Mombasa, na bei ndogo huonekana katika malipo ya bonasi ya mwisho wa mwaka, ambayo wengi huitegemea kwa karo za watoto. Mama aliyechuma kwa mikono yake hajui kwamba sehemu ya fedha zake ilipotea katika gurudumu lililokuwa limekwisha meno. Kwa hiyo kuyatazama matairi kabla ya safari si kazi ya dereva na tajiri wake peke yao. Wakulima nao, katika mikutano ya viwanda vyao, wana haki ya kuuliza habari za malori yanayobeba jasho lao.

Kutazama kwenyewe si kugumu. Upepo upimwe asubuhi matairi yakiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa penye mlango wa gari. Umri wa tairi husomwa ubavuni katika tarakimu nne: 2319, mathalan, maana yake ni juma la 23 la mwaka 2019. Tairi kuukuu hupasuka hata likiwa na meno. Na gurudumu la akiba likumbukwe pia, maana wengi huligundua kwamba halina upepo siku wanapolihitaji.

WAJIBU WA ANAYESAIDIA

Imebaki habari ya wale wanaopita. Ni desturi njema ya nchi hii kwamba mtu akimwona mwenzake amekwama humsimamia. Lakini msaada nao wataka akili. Gari la anayesaidia lisisimamishwe katikati ya njia likafanya hatari ya pili. Watu wasikusanyike barabarani kutazama. Mmoja asimame mbali akionya magari, na wengine wafanye kazi. Kama kuna aliyeumia, simu ipigwe 999 au 112.

Tena lori likianguka, wa kwanza kushughulikiwa ni watu, si mizigo. Pale Sachangwan, karibu na Molo, tarehe 31 Januari 2009, lori la petroli lilianguka, watu wakakimbilia kuchota mafuta, moto ukawaka, na zaidi ya 100 wakafa. Petroli ile ilionekana kuwa ya bure, nayo ililipiwa kwa bei isiyoweza kurudishwa.

Anayetoa msaada kwa haki hapati hasara. Dereva wa Kisumu aliyesaidiwa leo Kapsoit atamkumbuka Mkipsigis atakayekwama kesho Ahero, na fundi aliyetoza bei ya haki atatajwa na wasafiri mpaka Narok. Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na kupasuka kwa tairi si mwisho wa safari, ikiwa dereva ana kipande chake cha ubao, fundi ana uaminifu, na anayepita njiani anakumbuka kwamba leo ni kwa mwenzake na kesho ni kwake.