Gesi Baridi Inayozaa Nyota

Nyota huzaliwa ndani ya mawingu ya gesi ya molekuli, hasa hidrojeni, yenye baridi ya takriban nyuzi 260 chini ya sifuri. Katika galaksi zenye mikono iliyojipinda, mawingu hayo hukusanyika zaidi mikononi. Garsen, katika Kaunti ya Tana River, iko karibu na ikweta, hivyo mbili kati ya galaksi hizo hupita angani mwake: Andromeda ya kaskazini, umbali wa miaka ya nuru milioni 2.5, na M83 ya kusini, takriban milioni 15.

Hidrojeni baridi ni vigumu kupimika. Wanaastronomia hufuata monoksidi ya kaboni iliyochanganyika nayo, itoayo mawimbi ya milimita 2.6. Sehemu ndogo tu ya wingu hugeuka nyota. Mnururisho na milipuko ya nyota changa husambaza iliyobaki.