Kazi ya Kupiga Kutu: Kabla Kijana Hajaingia

Kila mwaka mtihani wa Serikali unapokwisha wazazi wanatuuliza sisi walimu: mtoto asiyependa ofisi aende wapi? Leo tuzungumze juu ya kazi isiyotajwa sana, kusafisha chuma na kukipaka rangi ya kukilinda. Mafundi wanaiita sablaji.

Katanga yetu inaihitaji. Viwanda vya shaba vya Kolwezi na Likasi vinatumia asidi, na bomba au nguzo isiyolindwa inaliwa upesi. Wengi wanafikiri ni kupaka tu. Kupaka ni sehemu ndogo! Fundi anaondoa kwanza mafuta, halafu kompresa inarusha chembe ngumu kwa nguvu mpaka chuma kiwe safi na chenye mikwaruzo midogo ya kushika rangi. Hapo hakuna kungoja: rangi ya kwanza inapakwa siku hiyo hiyo, kutu isirudi. Wakati wa mvua anapima unyevu wa hewa na joto la chuma. Chuma kikikaribia kutoa jasho, kazi inasimama. Mwishoni anapima unene wa rangi. Hiyo ni hesabu, na msichana makini anaweza kuwa mkaguzi kama kaka yake.

Sasa lile linalotusumbua. Wakubwa wengine wa kazi wanatumia mchanga wa mtoni kwa sababu bei yake ni ndogo. Vumbi lake lina silika, linaingia katika mapafu na kuyafanya magumu. Ugonjwa huo, silikozi, hauponi. Uingereza ilikataza mchanga katika kazi hiyo viwandani tangu 1949. Kuna chembe za chuma, kuna masalio ya kuyeyusha shaba (kama yale ya mlima mweusi wa Lubumbashi), ingawa vumbi lolote si la kuvuta. Kitambaa puani hakitoshi. Inatakiwa kofia ya kufunika kichwa chote, yenye kuletewa hewa safi kwa mpira.

Na nguo? Rangi za zamani mara nyingi zina madini ya risasi, sumu kwa watoto wadogo. Nguo za kazi zisikung'utwe nyumbani wala kuchanganywa na za mtoto. Afadhali zibaki na kufuliwa kazini.

Basi mzazi amsindikize kijana siku ya kwanza, aulize: mnapiga kwa kitu gani? Kofia ya hewa iko wapi? Nguo zinafuliwa na nani? Mkubwa akijibu kwa kicheko, sisi tungerudi na mtoto wetu nyumbani.