Baada ya upasuaji wa kupunguza uzito: Kazi kubwa huanzia jikoni

Mtu anayefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito hulala hospitalini siku chache tu. Masharti anayorudi nayo nyumbani, kinyume chake, huyafuata hadi mwisho wa umri wake.

Tuchukue mfano wa mwanamke mkazi wa Kimaka, mjini Jinja, aliyerejea kutoka Kampala au Nairobi alikopasuliwa. Mama mkwe amempikia matoke kwa mchuzi wa karanga, jirani ameleta chapati, na watoto wanamngojea kwenye sinia. Wote wanamtakia heri. Lakini tumbo alilorudi nalo halina nafasi kubwa kuliko finjani ya kahawa, na upendo huo unaopakuliwa kwa mwiko waweza kumrudisha hospitalini usiku huohuo.

Ndiyo maana madaktari husema kwamba upasuaji huu hufanywa kwa mtu mmoja, lakini kupona kwake hutegemea nyumba nzima. Makala haya yanaeleza yale ambayo mgonjwa na jamaa zake wanapaswa kuyafahamu.

Upasuaji huu hufanya nini mwilini?

Aina mbili ndizo zinazofanywa zaidi duniani. Katika ya kwanza, daktari hukata na kuondoa takriban asilimia 75 hadi 80 ya tumbo, na kinachobaki ni mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Sehemu inayoondolewa ndiyo hutoa kwa wingi homoni iitwayo grelini, ambayo huuarifu ubongo kwamba mwili una njaa. Kwa hiyo, mgonjwa hushiba upesi, na hamu yake ya kula nayo hupungua.

Katika aina ya pili, daktari hutengeneza kifuko kidogo juu ya tumbo, chenye ujazo wa mililita 30 hivi, sawa na vijiko 2 vya chakula. Kifuko hicho huunganishwa na utumbo mwembamba mbele zaidi, ili chakula kisipitie sehemu kubwa ya tumbo wala mwanzo wa utumbo. Njia hii ilianzia Marekani katika miaka ya 1960, kwa kazi ya daktari Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa.

Puto linalowekwa tumboni, huduma ambayo katika miaka ya karibuni imetolewa pia katika Hospitali ya Mloganzila jijini Dar es Salaam, si upasuaji. Puto huondolewa baada ya miezi kadhaa, ilhali tumbo lililokatwa halirudishwi.

Mwaka 2022, vyama vya kimataifa vya madaktari wa fani hii vilipendekeza upasuaji kwa mtu ambaye uwiano wa uzito na urefu wake, yaani BMI, umefika 35 au zaidi. Kwa mtu mwenye urefu wa mita 1.60, hiyo ni takriban kilo 90. Mwenye kisukari anaweza kufikiriwa hata akiwa na BMI ya 30. Wengi hupoteza robo hivi ya uzito wao au zaidi kidogo katika mwaka mmoja hadi miwili: mwenye kilo 120 anaweza kufikia kilo 90. Baadhi hurudisha sehemu ya uzito huo miaka inayofuata, hasa wanaporejea mazoea ya zamani.

Wiki 8 za mwanzo

Jeraha lililo tumboni halionekani, kwa hiyo ni rahisi kulisahau. Ratiba hutofautiana kati ya hospitali na hospitali, na ya daktari wako ndiyo ya kufuatwa, lakini mpangilio wake kwa kawaida ni huu:

Wiki 2 za kwanza ni za vinywaji: maji, supu iliyochujwa, maziwa yasiyo na mafuta mengi, na uji mwepesi wa ulezi usiotiwa sukari. Hunywewa kwa funda dogo dogo.

Wiki ya 3 na ya 4 ni za chakula kilichopondwa hadi kuwa laini: maharage yaliyosagwa na kuchujwa maganda, yai laini, mtindi, au sato aliyeondolewa miiba yote na kulainishwa kwa mchuzi. Unga wa dagaa, ambao kwa Uganda huitwa mukene, unaweza kuchanganywa katika uji au supu.

Wiki ya 5 na ya 6 huja vyakula vyororo: samaki wa kuchemsha, mayai, boga, matoke yaliyopondwa kwa kiasi kidogo.

Baada ya hapo mgonjwa huanza kujaribu chakula cha kawaida, aina moja moja. Vinavyowasumbua wengi ni nyama ngumu, mkate, chapati, wali na posho, kwa kuwa huvimba au hujikusanya kama donge. Kwa wakazi wa Mbale, malewa nayo yataka uangalifu: machipukizi hayo ya mwanzi yana nyuzi nyingi, na yasipotafunwa sawasawa yanaweza kukwama.

Kanuni za sahani ndogo

Kanuni ya kwanza ni protini kabla ya kitu kingine. Wagonjwa wengi huagizwa kupata angalau gramu 60 za protini kwa siku, la sivyo mwili huanza kula misuli yake wenyewe. Mayai 2 yana gramu 12 hivi, vikombe 2 vya maziwa gramu 16, gramu 100 za samaki aliyepikwa takriban gramu 22, na nusu kikombe cha maharage gramu 7 au 8. Jumla inakaribia 60, na vyote hupatikana katika soko la kawaida bila kununua unga wa kopo kutoka ng'ambo.

Baada ya protini huja mboga, na wanga huwa mwisho ikiwa nafasi imebaki. Hapo ndipo mazoea yetu hupinduliwa, maana katika nyumba nyingi posho au matoke ndicho chakula chenyewe, na samaki ni kitoweo tu. Hata rolex, ile chapati iliyoviringwa na yai inayouzwa kando ya barabara, italazimika kufunguliwa: yai liliwe, chapati iachwe.

Kanuni ya pili ni mwendo. Tonge liwe dogo, litafunwe hadi lilainike kabisa, na mlo uchukue dakika 20 hadi 30. Kifua kikianza kubana, kwikwi ikija au pua ikianza kutoa maji, huo ni ujumbe kwamba tumbo limejaa. Tonge moja la ziada linatosha kuleta kutapika.

Kanuni ya tatu ni kutenganisha chakula na maji. Mgonjwa hushauriwa kutokunywa anapokula, na kungoja dakika 30 hivi baada ya mlo. Lakini katika saa nyingine atembee na chupa yake ya maji, anywe kidogo kidogo hadi afikishe lita 1.5 kwa siku. Upungufu wa maji ni miongoni mwa sababu kuu za wagonjwa hawa kurudishwa hospitalini.

Sukari katika nchi ya miwa

Jinja imezungukwa na mashamba ya miwa, na kiwanda cha sukari cha Kakira kimekuwepo tangu mwaka 1930. Chai bila sukari, kwa wenyeji wengi, ni dawa wala si chai. Lakini kwa aliyeunganishiwa utumbo, sukari nyingi hushuka kwa ghafla na kuuvuta ugiligili mwilini kuingia katika utumbo. Ndani ya dakika 10 hadi 30 moyo hudunda, jasho hutoka, tumbo husokota na kuhara hufuata. Wakati mwingine shida huja saa 1 hadi 3 baadaye: sukari ya damu huporomoka, na mtu hutetemeka au kuzirai. Juisi ya miwa, soda na mandazi yaliyochovywa katika chai tamu ni vya kuepukwa.

Vitamini si za hiari

Tumbo dogo na utumbo uliorukwa havifyonzi virutubisho kama awali. Hivyo mgonjwa hutumia maisha yake yote vidonge vyenye vitamini mbalimbali, pamoja na madini ya chuma, kalsiamu, vitamini D na B12, kwa kiasi atakachopangiwa. Kalsiamu na chuma visimezwe pamoja; vitenganishwe kwa saa 2 hivi. Chai nayo huzuia chuma kufyonzwa, kwa hiyo isitumiwe kumezea vidonge. Damu hupimwa mara kadhaa katika mwaka wa kwanza, kisha angalau mara moja kila mwaka.

Hatari ya upungufu huu ni kwamba hauumi. B12 ikipungua kwa miaka, ganzi huanza miguuni na kumbukumbu hufifia, na baadhi ya madhara hayo hayarekebishiki. Nywele kukatika kati ya mwezi wa 3 na wa 6, kwa upande mwingine, huwatia wengi hofu, lakini kwa kawaida huota tena.

Mwambie kila mhudumu wa afya

Aliyepasuliwa Kampala, Nairobi au India akirudi Jinja au Mbale, malaria itamtibiwa na mhudumu asiyejua historia yake. Mambo matatu yanapaswa kusemwa kabla ya sindano yoyote, na ni vyema yaandikwe katika kadi ndogo ya kubebwa mfukoni.

La kwanza ni dawa za maumivu. Diclofenac, ibuprofen na aspirini, ambazo hupatikana kwa urahisi katika maduka ya dawa, zinaweza kusababisha vidonda na kutoboa tumbo, hasa kwa aliyeunganishiwa utumbo. Paracetamol ndiyo salama zaidi. Sigara nayo huongeza hatari hiyohiyo.

La pili ni kutapika. Akiba ya vitamini B1 mwilini ni ndogo, na mtu anayetapika mfululizo anaweza kuimaliza katika wiki chache. Dalili ni kuchanganyikiwa, macho kuchezacheza na mwendo wa kuyumba. Mgonjwa wa namna hii akitundikiwa dripu ya glukosi kabla ya kupewa B1, ubongo wake unaweza kudhurika zaidi. Kutapika kunakozidi siku 2 kusingojewe nyumbani.

La tatu ni dawa za kisukari na shinikizo la damu. Dozi iliyofaa kabla ya upasuaji inaweza kuwa kubwa mno wiki chache baadaye, na kushusha sukari au shinikizo kupita kiasi. Daktari ndiye wa kuipunguza, si mgonjwa mwenyewe.

Saumu, kilaji na uzazi

Kwa Waislamu, suala la Ramadhani huja mapema. Dini imempa mgonjwa ruhusa ya kutofunga, na madaktari wengi humshauri aitumie ruhusa hiyo kwa miezi 6 hadi 12 ya mwanzo au zaidi, kwa kuwa tumbo dogo haliwezi kupokea maji ya siku nzima kati ya futari na daku. Atakayeruhusiwa baadaye afuturu kwa maji na supu, si kwa tende nyingi na sambusa.

Kwa wanywaji, pombe hupanda kichwani haraka na kwa nguvu zaidi kuliko zamani. Mtu aliyezoea kukaa na wenzake Mbale wakinyonya malwa kwa mirija mirefu atashangaa kulewa kabla ya mazungumzo kunoga, na uraibu ni hatari inayojulikana baada ya upasuaji huu.

Wanawake hushauriwa kutobeba mimba kwa miezi 12 hadi 18. Uzito ukipungua, uwezo wa kushika mimba mara nyingi huongezeka, ilhali vidonge vya uzazi wa mpango vinaweza kupungua nguvu. Kitanzi au kipandikizi huaminika zaidi.

Macho ya watu

Nchini Uganda kukonda kwa haraka kuna historia yake. Katika miaka ya 1980, Ukimwi ulipoanza kuua watu Rakai, wananchi waliuita "slim", yaani ugonjwa wa kukondesha. Kumbukumbu hiyo haijafutika. Mtu aliyepoteza kilo 30 kwa miezi michache atanong'onwa sokoni, na huenda akaulizwa waziwazi anaumwa nini. Hakuna sheria inayomlazimu kujieleza kwa kila mtu, lakini waliomo nyumbani wanapaswa kuujua ukweli, ili mmoja wao aweze kumjibia mgeni: "Ameshashiba, msimlazimishe."

Kukataa chakula cha mwenyeji ni jambo zito katika mila zetu. Wengine hupata nafuu kwa kuomba kisahani kidogo kabla hakijapakuliwa kingi, au kwa kula samaki na mboga na kuwaachia watoto posho. Ipo pia huzuni isiyosemwa: chakula kilikuwa faraja na sababu ya kukutana, na kukikosa ni kama kufiwa. Mgonjwa anayehuzunika muda mrefu anahitaji kusikilizwa, na pengine mshauri wa afya ya akili.

Dalili zisizongoja asubuhi

Maumivu makali ya tumbo, homa, mapigo ya moyo yanayozidi 120 kwa dakika, kushindwa kupumua, mguu mmoja kuvimba, kinyesi cheusi kama lami, au kushindwa kabisa kunywa maji: yoyote kati ya haya ni dharura. Maumivu ya ghafla ya kusokota yanaweza kuja hata miaka kadhaa baada ya upasuaji, utumbo unapojinasa. Kampala iko kilomita 80 hivi kutoka Jinja, na zaidi ya 200 kutoka Mbale. Ni busara kwanza kufika katika hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu, kisha daktari aliyepasua apigiwe simu.

Utafiti mrefu ulioanza Sweden mwaka 1987 ulionyesha kwamba waliofanyiwa upasuaji walikufa kwa kiwango cha chini kuliko wenzao wanene ambao hawakupasuliwa. Faida hiyo ni ya kweli. Lakini anayefikiria njia hii na aulize kwanza maswali yasiyohusu kisu: nani atanipimia damu kila mwaka, vidonge vya maisha nitavilipia kwa fedha gani, na nyumbani kwangu ni nani atakayekubali kunipakulia kidogo? Asiyekuwa na jibu bado ana muda wa kulitafuta kabla ya kupanda kitanda cha upasuaji.